Funguo Ishirini na Nne

Ubao wa Fundi Funguo ulikuwa na misumari mia tatu na kumi na miwili, na kwa miaka thelathini na mmoja hapakuwa na mkono mwingine ulioruhusiwa kuugusa. Mkewe aliruhusiwa kufagia chini yake. Aliruhusiwa kupangusa unga wa shaba uliomwagika kutoka kwenye mashine ya kuchongea. Kuugusa, hapana.

"Mama Malkia," Fundi alizoea kusema, "mimi nakuamini kwa chai, kwa chumvi na kwa roho yangu. Kwa ubao, sikuamini."

"Uoe basi huo ubao, ukupikie."

"Ningeuoa zamani. Tena hauna mdomo."

Duka lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, upana wake vitanda viwili, na dirisha la kuhudumia wateja lilitazama barabarani. Kando ya dirisha, kwenye kiti cha magurudumu chenye gurudumu moja linalolia kama paka aliyekanyagwa, ndipo Malkia alipokaa mchana kutwa. Huyo ni binti yao wa pekee, na umri wake ulikuwa miaka thelathini na minne. Tangu kuzaliwa miguu yake iligoma, na mkono wa kushoto ukaiunga mkono. Ulimi ndio haukugoma hata siku moja. Jina la Malkia alijipa mwenyewe. "Nabebwa, nalishwa, naogeshwa, na situmwi dukani," alisema. "Kama huo si umalkia, niambieni umalkia ni nini."

Watu wengi huogopa siku ya kufa kwao. Mama Malkia na mumewe waliogopa siku ya pili yake. Saa moja asubuhi, watu wa msibani wameshaondoka, nani atamnyanyua Malkia kitandani? Swali hilo walilala nalo, wakaamka nalo, wakalinywea chai. Jibu lake lilikuwa moja tu: nje kidogo ya mji palikuwa na nyumba ya matunzo, yenye bustani na wauguzi wasiopiga kelele, iliyompokea mtu kwa maisha yake yote alimradi alipiwe ada yote kwa mkupuo. Fundi aliuza kiwanja alichorithi kwa baba yake. Fedha hazikutosha. Ndipo mpwa wa Mama Malkia, mtoto wa mdogo wake, mwanamke wa miaka arobaini aliyefundisha kompyuta chuoni na ambaye ukoo mzima ulimwita Mwalimu, alipomshauri aziweke kwenye kripto, sarafu zile zisizoshikika. Miaka sita zikapanda, zikashuka, zikapanda, mpaka siku moja zikafika panapotakiwa na kubaki chenji. Jina la Malkia likaandikwa kwenye orodha ya kusubiri nafasi.

Mwalimu hakutulia. "Baba Mkubwa, hizo sarafu ziko kwenye kampuni ya mtandaoni. Ufunguo wanao wao."

Fundi alishusha miwani puani. "Ufunguo wa mlango wangu wanao wao?"

Kauli hiyo kwa mtu wa kazi yake ni tusi la nguoni. Wiki iliyofuata kikanunuliwa kifaa cha kuutunzia ufunguo nyumbani, kidogo kama kiberiti, chenye kioo cha ukubwa wa ukucha na vitufe viwili. Jumapili moja baada ya kula, Mwalimu akaja kukiandaa.

"Kwanza tazama boksi, Baba Mkubwa. Lisiwe limefunguliwa na mtu kabla yetu."

Fundi akachukua kioo chake cha kukuzia, akalizungusha lile boksi robo saa nzima, huku akinusa gundi.

"Si mchumba huyo," Mama Malkia akasema. "Funga ndoa, twende."

Wakakiwasha. Fundi akachagua namba ya siri, kawapa watu wote mgongo kama anayekojoa njiani. Mwalimu akamwonya: akiikosea mara tatu mfululizo, kifaa kinajifuta chenyewe, kinabaki kama kilivyotoka kiwandani. "Lakini usiogope. Sarafu hazikai humu. Ziko mtandaoni, humu mna ufunguo tu. Sasa kitakuonyesha maneno ishirini na manne. Hayo ndiyo ufunguo wenyewe. Ukiyaingiza, hata kwenye kifaa kingine, kila kitu kinarudi. Yaandike kwa kalamu. Usipige picha, usiyaweke kwenye simu, usimsomee mtu. Atakayekuja kukuomba maneno hayo, hata akiwa na kitambulisho na tai, ni mwizi. Hata mimi. Natoka nje."

Na kweli akatoka, akasimama barabarani juani na mkoba wake.

"Mimi nitoke pia?" Malkia akauliza. Wakacheka wote, Malkia kuliko wote.

Maneno yalikuwa ya lugha ya kigeni, hayana udugu hata kidogo: mwavuli, punda, siagi, daraja, huzuni, kitu kama hicho. Fundi aliyanakili kwa herufi kubwa, ulimi ukiwa nje. Mwalimu aliporudi akamlazimisha kukifuta kifaa na kukifufua kwa yale maneno, kabla hakijapokea hata senti, na Fundi akaweza mara ya kwanza. Ndipo sarafu zote zikahamishwa.

"Na mpangilio, Baba Mkubwa. La kwanza liwe la kwanza, la mwisho liwe la mwisho. Ukiyageuza, ni ufunguo mwingine kabisa."

"Unanifundisha mimi meno ya ufunguo?" Fundi akang'aka. "Meno yaleyale ukiyapanga vingine hayafungui hata choo. Mimi naiheshimu hii kufuli. Nimetafuta maisha yangu yote kufuli ambayo mimi mwenyewe siwezi kuichokonoa, leo nimeiona."

Akafurahi siku nzima. Mtu hufurahia mambo.

*

Mwaka ule ndipo kichwa chake kilipoanza kuvuja. Kwanza vitu vidogo: chumvi kwenye chai, kiatu kimoja. Kisha siku moja mwuza nyama alirudi dirishani amefura, kwa sababu ufunguo aliokabidhiwa haukuwa wa bucha lake, ulikuwa wa daktari wa meno.

"Basi nenda kang'oe watu meno," Malkia akamwambia. "Shoka si unalo?"

Mwuza nyama akacheka, akaondoka. Lakini Mama Malkia aliusogelea ubao siku hiyo kwa mara ya kwanza, akautazama kwa macho ya mtu anayesoma barua isiyo yake. Funguo za magari zilining'inia kati ya funguo za makufuli. Za vitasa zilikuwa juu, chini, kila mahali. Ule ubao uliokuwa umenyooka kama msahafu ulikuwa sasa kama kapu la mchuuzi.

Alichofanya hakumwambia mtu. Kila mchana, mumewe akijinyoosha chumba cha ndani, alisimama mbele ya ubao na kuupanga. Makufuli kwa makufuli, vitasa kwa vitasa, magari kwa magari. Alizijua zote kwa macho. Miaka thelathini na mmoja ya kufagia chini ya kitu si michache. Aliona aibu kama mwizi, na aliona raha kidogo pia, maana ubao ulikuwa mtamu kuupanga. Wateja wakaacha kulalamika. Fundi akaacha kuonekana mgonjwa. Mji mzima ulidanganyika, na Fundi mwenyewe akiwa wa kwanza.

Kwenye safu ya chini kabisa alikuta jambo lililomwuma. Palikuwa na funguo ambazo hazijachongwa, zimetundikwa kama za wateja: fupi kando ya ndefu, ya shaba kando ya chuma, hazina meno hata moja. Zilikuwa na viherufi vilivyogongwa ubavuni, akadhani ni majina ya viwanda. "Sasa anatundika hata zisizochongwa," alijisemea, na machozi yakamlenga. Akazishusha zote kwenye aproni, akazipanga upya kutoka ndefu hadi fupi, kama watoto wa shule kwenye mstari. Zilipendeza. Alirudi nyuma hatua mbili kuzitazama.

*

Simu ya nyumba ya matunzo ilipigwa asubuhi ya siku ya soko. Nafasi imepatikana. Walipe kabla mwezi haujaisha, vinginevyo itapewa aliyefuata kwenye orodha.

Mama Malkia alikaa juu ya gunia la makufuli mabovu, akalia kwa furaha hadi aproni ikalowa. Malkia akasema, "Kumbe ndivyo mnavyofurahi nikiondoka." Fundi akavaa shati safi, kana kwamba sarafu zitamwona. Akakitoa kifaa kwenye kopo la grisi, akakichomeka waya, akabonyeza namba ya siri.

Siyo.

Akakuna kichwa. Akabonyeza tena. Siyo. Akatazama dari, midomo ikihesabu. "Mwaka wa ndoa yetu ni upi?" akauliza. Mama Malkia akamtajia. Akabonyeza. Kioo kikazima, kikawaka, kikamkaribisha kama mgeni ambaye hakijawahi kumwona.

"Kimejifuta," Fundi akasema, na hakushtuka hata kidogo. Alikuwa akitabasamu tabasamu lake la zamani, la kijana anayejua siri. "Ndivyo kilivyoumbwa. Hakuna neno. Mlidhani nitaweka mali ya mwanangu kwenye karatasi? Karatasi ni chakula cha panya. Ile niliichoma. Chuma, mke wangu! Nimegonga kila neno kwenye ufunguo wake, funguo ishirini na nne zisizochongwa, nikachanganya fupi na ndefu zisivutie jicho. Sikuzitia namba, maana ufunguo wenye namba ni mwaliko kwa mwizi. Nimezitundika kwa mpangilio wake, mbele ya macho ya watu wote. Safu ya chini, kuanzia kulia..."

Akainama.

Pale chini funguo ishirini na nne zilikuwa zimenyooka kutoka ndefu hadi fupi, zinang'aa.

Mama Malkia alisikia gurudumu la kiti cha binti yake likilia mara moja tu. Barabarani mtu alikuwa akibishania bei ya ndoo. Fundi akapitisha kidole juu ya funguo, polepole, kama kipofu, kutoka kulia kwenda kushoto, na kurudi.

"Nani amezipanga hivi?"

Akaigeuza moja, akaisoma, akairudisha.

"Hapa hagusi mtu ila mimi." Akamgeukia mkewe. Uso wake ulikuwa wa mtoto aliyejikojolea mbele ya wageni. "Mama Malkia. Ni mimi?"

Kweli ilikuwa kinywani mwa mkewe. Aliusikia uzito wake, ilikuwa mbichi kama chuma kisichochongwa. Lakini aliona pia miaka thelathini na mmoja ya *kuugusa, hapana*, akaona mwezi unaoisha, akaona kitanda saa moja asubuhi, na ulimi ukachagua wenyewe.

"Ni wewe, Mzee," akasema. "Wiki iliyopita."

Fundi akatikisa kichwa taratibu kama anayekubali bei. Akaenda kwenye mashine ya kuchongea, akaizima, akaifunika kwa kitambaa. Hakuifunua tena.

*

Mwalimu alikuja jioni ileile, mkoba begani, viatu havijakauka tope. Fundi alikuwa ameshajilaza ndani; hata neno la kwanza hakulikumbuka. Alizitazama zile funguo mezani kwa muda mrefu.

"Maneno yote yapo?"

"Yote," Malkia akasema. "Nimeyasoma mara tano. Hata huzuni ipo."

"Basi tujaribu tu kuyapanga," Mama Malkia akasema. "Ni ishirini na nne tu, mwanangu. Mimi nimewahi kupanga mia tatu."

Mwalimu akamshika mkono. "Mama Mkubwa, nisikilize. Chukua funguo tatu: zinapangika kwa njia sita. Nne: ishirini na nne. Tano: mia na ishirini. Ukifika kumi, ni mamilioni. Ukifika ishirini na nne, hata ukijaribu mpangilio mmoja kwa kila pumzi unayovuta, usile, usilale, dunia hii itaisha, iumbwe nyingine, nayo iishe, na bado utakuwa mwanzoni mwanzoni." Akaukaza mkono ule. "Hata kompyuta zote duniani haziwezi. Na wakija watu mtandaoni wakidai wanaweza, hao ndio wale niliowaambia, wa kitambulisho na tai."

"Lakini maneno tunayo," Mama Malkia akasema. "Haya hapa. Nayashika."

Mwalimu aliacha kompyuta yake ndogo ya zamani mezani, labda kwa huruma, labda kwa kuwa hakuweza kuinyanyua.

Wakajaribu. Mtu aliyeambiwa haiwezekani bado ana mikono. Kila mchana Mama Malkia alizitandaza funguo juu ya kitambaa, Malkia akasoma, mama akabonyeza vile vitufe viwili, herufi kwa herufi, hadi kidole gumba kikaota sugu. Mpangilio mmoja ulikula zaidi ya nusu saa. Kioo kilijibu: si sahihi. Mwezi ukaisha. Nyumba ya matunzo ikapiga simu, kwa adabu sana, kusema nafasi imechukuliwa. Wao wakaendelea.

Mwezi wa pili, Alhamisi moja, kioo hakikusema si sahihi. Kilisema: karibu.

Mama Malkia alipiga ukelele uliomleta mwuza nyama mbio na kisu mkononi. Alimkumbatia mwuza nyama, akakibusu kifaa, akamzungusha Malkia na kiti chake mpaka gurudumu likalia kama harusi nzima. "Nilisema! Nilisema ni ishirini na nne tu!" Fundi alitoka chumba cha ndani, akasimama mlangoni akiwa na kiatu kimoja, akicheka bila kujua kicheko cha nini. Wakakiunganisha kwenye kompyuta. Wakangoja. Sifuri.

Wakazima, wakawasha. Sifuri.

Mwalimu alieleza kwa simu, na sauti yake ilikuwa ndogo. Katika kila mipangilio kama mia mbili na hamsini na kitu, mmoja hukubalika. Hufungua pochi, mahali pa kuwekea sarafu, naam. Siyo yao. Pochi ambayo haijawahi kuwa ya mtu yeyote. "Ni kama umechonga ufunguo, Mama Mkubwa, ukaingia, ukazunguka vizuri kabisa. Lakini mlango ni wa nyumba nyingine, na ndani hamna mtu."

"Na hizo nyumba tupu ni nyingi?"

"Ni nyingi kuliko mchanga."

Mama Malkia akakata simu, akazikusanya funguo kwenye aproni. Mwuza nyama aliaga kwa aibu, kisu nyuma ya mgongo.

"Mama," Malkia akasema walipobaki wawili. "Mimi nakaa dirishani."

"Najua unakaa dirishani."

"Nilikuwa nakuona kila mchana. Ukipanga."

Mama Malkia akakaa kwenye lile gunia. Makufuli mabovu yakalia chini yake. "Kwa nini hukusema siku ile?"

"Niseme ili nini? Nyinyi mkigombana, mimi ndiye niliye katikati, na siwezi kutoka chumbani." Akajaribu kutafuta utani, akaukosa. "Lakini mwambie. Huyu mzee anajila mwenyewe. Mbebee huo mzigo mmoja, mama. Sisi wengine tutajibeba." Kisha ulimi ukamrudia. "Yaani, mtanibeba."

*

Alimwambia siku iliyofuata, saa nne asubuhi, wakichambua dengu. Alimwambia yote: mwuza nyama, mchana, aproni, ndefu hadi fupi, na uongo. Fundi alisimama. Sinia likaanguka. Alimwita jina ambalo hajamwita tangu ujana wao, na halikuwa la mapenzi. Akatembea chumba kizima mara tatu. Kisha akauendea ubao, akautazama.

"Kila mchana?"

"Kila mchana."

"Ili watu wasinicheke?"

"Nani akucheke nipo."

Fundi akapapasa safu ya makufuli, ya vitasa, ya magari. Hakukuta kosa. "Umepanga vizuri," akasema mwishowe, kwa uchungu wa fundi anayemsifu fundi mwenzake. "Nilikunyima huu ubao bure." Akarudi, akapiga magoti kwa tabu, wakaokota dengu pamoja, moja moja, na mkono wake ukagusa wa mkewe makusudi. Mama Malkia alilala usingizi mzito, wa kwanza tangu siku ya soko.

Asubuhi alimkuta Fundi amekaa mbele ya ubao na chai iliyopoa.

"Mama Malkia," akasema. "Nimemwangamiza mtoto. Nimezipanga funguo na sikumbuki. Ni mimi, sivyo?"

Ugonjwa ule ulikuwa na ubaguzi wake. Ulichukua msamaha, ukaacha kosa.

Akamwambia upya. Na kesho yake upya. Siku nyingine Fundi alitupa kikombe. Siku nyingine alilia, akasamehe, na siku moja alicheka sana akasema mwanamke gani huyu, amemwibia hata ubao. Kila mara ilikuwa mara ya kwanza kwake. Kwa mkewe haikuwa hivyo. Kila asubuhi ilibidi aitoe ile kweli upya, mbichi kama chuma, na kila asubuhi ilikuwa nzito zaidi, maana nguvu za mtu zina kipimo na hakuna aliyempunguzia. Siku alizoshindwa, alisema tu, "Kunywa chai, Mzee," na akamwacha na kosa lisilo lake. Siku hizo zilizidi kuwa nyingi.

Funguo zimo kwenye kopo la grisi. Zipo zote. Mwalimu anasema sarafu nazo zipo, zimepanda tena. Ukiwa na mtandao unaweza kuzitazama wakati wowote, kama mtu anavyotazama sebule yake kupitia dirisha lenye nondo.

Saa moja asubuhi, Mama Malkia huingia chumbani kwa binti yake. Hupitisha mkono mmoja chini ya magoti, mmoja nyuma ya mabega. Mgongo wake umeanza kutoa sauti kama lile gurudumu.

"Moja," husema Malkia.

"Mbili."

"Tatu, na usinidondoshe, mimi ni mali ya taifa."

Leo mgongo ulikwama katikati. Alisimama hivyo, binti mikononi, kitanda nyuma, kiti mbele, hatua moja tu isiyotaka kupigwa. Malkia hakutania. Alimshika mama yake shingoni kwa ule mkono mmoja unaosikia, akakaza.

Dukani kikombe kiligonga meza.

"Mama Malkia!" Fundi aliita. "Njoo uone! Nani amepanga ubao?"

"Ni mimi," akaita, akitafuta sakafu kwa mguu. "Ngoja nimshushe mtoto, nakuja kukuambia."